Sauti ya Mizani ya Jibondo

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeipangusa kompyuta kwa brashi ya rangi tena. Chumvi imejaa kwenye feni. Kila nikivuka kuja Jibondo kazi ya kwanza ni hiyo, hata chai sijanywa. Imewaka baada ya kubembelezwa sana. Zaina, mpimaji wetu, amekaa kwenye kiti chake, waya wa mizani umechomekwa, wanawake wako nje na magunia ya mwani na maneno yao mengi.

Halafu sauti ya Bi Riziki: "Leta, mwanangu."

Gunia la kwanza likapanda. "Bismillahi. Thelathini na sita na nusu." Gunia likashuka, mizani ikawa tupu. "Leta, mwanangu." La pili. "Arobaini na mbili." Kwenye arobaini jogoo akawika nyuma ya sauti, kama siku zote, na wanawake wakacheka kama siku zote.

Bi Riziki alishazikwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama na wanawake nje ya nyumba, nimejifunga kanga ya kuazima, nalia kuliko ndugu zake. Lakini hapa ghalani bado anapima. Nimezoea. Nadhani nimezoea.

Jioni ujumbe umeingia kwenye simu. Kampuni inayonunua mwani italeta mizani mpya na kompyuta mpya Alhamisi ya wiki ijayo. Mfumo mpya. Hii ya zamani itaondolewa. Hakuna aliyeniuliza. Niulizwe kwani mimi nani? Mwalimu mstaafu anayekuja kufuta chumvi.

Jumanne, 3 Septemba

Sikulala vizuri, nimeamka na kinyongo. Basi niandike ya zamani, labda kitapungua.

Hifadhi ya bahari ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Miradi ikafuatana kama siafu. Mmoja ukanileta mimi, binti wa Njombe asiyejua kuogelea, pamoja na kompyuta, paneli ya jua na mizani ya umeme. Kazi: uzito wa mwani usomwe na mashine, si na mtu.

Nilikuwa na programu ya kuundia programu. Niliipenda kama watu wanavyopenda pikipiki. Upande mmoja fomu tupu, upande mwingine sanduku la vijenzi. Unakokota kitufe, unakiweka kwenye fomu, kitufe kipo. Kimeundwaje ndani hujui, wala hujali. Kina sifa zake unazobadilisha utakavyo, kina kazi unazokituma, na kina matukio: jambo likitokea kinakuambia. Kikishakuwa kizuri unakichukua na kukitumia mahali pengine, huandiki upya. Nikajiona fundi. Nikaanza kuunda vya kwangu.

Cha kwanza nilikiita Mizani. Kazi yake kusubiri uzito utulie, kisha kutangaza. Namba ikatokea kwenye kioo, kubwa, ya buluu. Nikasimama pembeni nangoja kupongezwa.

Bi Riziki, mwenyekiti wa kwanza wa ushirika, akakitazama kile kioo muda mrefu. Akasema: "Mwalimu, kioo chako kinazungumza na wewe. Sisi hakituambii kitu."

Wengi hawakuwa wamesoma. Kwao ile namba ya buluu ilikuwa pambo. Ingebidi mtu awasomee, na kusomewa na mtu, kisha kupunjwa, ndiko kulikokuwa kumewachosha. Nilikasirika siku nzima. Kisha nikaunda kijenzi cha pili, Msemaji. Ukimpa namba, anaitamka. Nikaviunganisha kwa mstari mmoja tu: Mizani ikitulia, Msemaji aseme.

Sauti ya nani? Wakapiga kura. Hakuna aliyempinga Bi Riziki, hata wale waliokuwa hawasalimiani naye.

Jumatano, 4 Septemba

Nimerudi nyumbani Kilindoni kutafuta disketi. Ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, nilijua. Ukungu mweupe juu ya kila moja. Nimezifuta kwa spiriti, nimekwenda kwa fundi mwenye mashine inayosoma vitu hivyo. Mashine ikakwaruza, ikakwaruza, hakuna. Msimbo wangu wote umo humo. Ulikuwa humo.

Kwa hiyo Msemaji ninaye mmoja tu, yule aliyefungwa ndani ya kompyuta ya Jibondo. Naweza kumtuma kazi. Siwezi kumfungua. Kompyuta mpya hazimtambui kabisa. Programu iliyomzaa ilishakufa, hata walioitengeneza hawaiulizii.

Zamani alikuwa kila mahali. Nilimpeleka kliniki ya watoto, akasoma uzito wa vichanga. Bi Riziki akawa anapima watoto wa Kilindoni bila kuvuka maji. Nilimpeleka shuleni kwangu, darasa la kwanza wakajifunza kuhesabu kwa lafudhi ya Jibondo, mwalimu mkuu akanung'unika. Kijenzi kilekile, sikubadilisha kitu. Nilijivuna sana na jambo hilo. Mashine ya kliniki ikafa. Ya shule ikaibwa. Nikasema si neno, iko ya ghalani.

Akiba haiozi, wanasema. Ya kwangu imeota ukungu koponi.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimevuka asubuhi kurudi. Adhuhuri Jibondo pamekuwa kimya ghafla, nikakumbuka kila kitu kwa mpigo mmoja.

Kisiwa hiki hakinyamazi. Wanaunda vyombo vya baharini: tezo, misumeno, nyundo za kalafati za kuziba nyufa za mbao, tangu alfajiri. Nilipotaka kurekodi sauti ya Bi Riziki kila neno lilikuja na ko-ko-ko. Tulijaribu chumba cha ndani, tukajaribu ghala, tukajaribu birika kubwa la kuhifadhia maji ya mvua likiwa tupu, sauti ikatoka kama ya jini. Mwisho yeye ndiye aliyesema tungoje Ijumaa. Wanaume wakiingia msikitini hakuna anayegonga mbao. Nafasi ni fupi, lakini ni safi.

Ijumaa baada ya Ijumaa, basi. Magodoro tukayasimamisha ukutani, kanga tukazitundika mlangoni, yeye kwenye kigoda, mimi na kinasa sauti mapajani. Kila neno mara mbili. Kwa sababu "kumi" la katikati, likifuatwa na neno jingine, linapanda. "Kumi" la mwisho linashuka na kutua. Ukilitumia la katikati mwishoni, msikilizaji anabaki anangoja. Yeye hakufundishwa hilo. Nilimwambia tu "useme kama bado unaendelea," kisha "useme kama umemaliza," akasema.

Maneno mawili hakuyaandaa mtu. Nilitaka mizani ikiwa tupu Msemaji atamke "sifuri." Akakataa. Mtu kaja na gunia kichwani toka pwani, umkaribishe kwa sifuri? Akasema "Leta, mwanangu," kama alivyowaambia kila siku, nikairekodi. Na gunia la kwanza la siku likatanguliwa na Bismillahi. Nikaongeza tukio jipya kwa ajili hiyo, Gunia la Kwanza. Kitabu cha programu hakikuwa na kitu kama hicho.

Jogoo kwenye arobaini tulimsikia palepale. Nikataka turudie. Bi Riziki akasema naye ana haki ya kuswali Ijumaa.

Namkumbuka. Leo vibaya sana.

Jumapili, 8 Septemba

Nimesali peke yangu chumbani nyuma ya ghala. Wakati wa kuomba wazo likanijia, Mungu anisamehe kwa kuwaza mashine katikati ya sala: siwezi kumfungua Msemaji, lakini naweza kumtuma. Nimwamuru aseme neno mojamoja, waya utoke kwenye tundu la sauti uingie kwenye simu yangu. Niyakusanye yote, kisha niunde Msemaji mpya kwa ajili ya kompyuta mpya. Rahisi. Kwa nini sikuliwaza miaka yote?

Nikaenda kwa Zaina na furaha mkononi kama mtu aliyebeba sahani ya maandazi. Zaina ni mtoto wa pekee wa Bi Riziki. Alirithi kiti cha kupima. Nikamweleza. Hakufurahi.

Akasema: "Mama mdogo, mama amefanya kazi ya kutosha. Mwache apumzike."

Nikadhani ni jambo la dini. Nikasema tumuulize shehe. Akatikisa kichwa, si dini. Aliendelea kuchambua mchele. Akasema kila siku tangu asubuhi anamsikia mama yake. Kila mwenye gunia anaitwa mwanangu. Bi Mize, aliyemzidi mama umri, anaitwa mwanangu. Hata yule anayekuja na mwani mchanga uliojaa mchanga, naye mwanangu. Yeye ndiye mwanawe, na hana gunia. Wanaitwa watu wote mbele yake, yeye haitwi.

Kanuni ni ya Bi Riziki mwenyewe: anayepima hapimi chake. Mpimaji halimi mwani, asije akashukiwa. Zaina ameishika kanuni ya mama yake mpaka leo.

Nilimwaga chai yangu nje na kuondoka. Nilikuwa na hasira naye. Halafu nikawa na hasira na mimi, maana miaka yote hii nakaa karibu naye na sikuwahi kumuuliza anasikiaje.

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya kupima. "Leta, mwanangu." "Leta, mwanangu." "Leta, mwanangu."

Sikuweza kumtazama Zaina usoni.

Jumanne, 10 Septemba

Zaina amepita asubuhi akielekea kisimani. Hakusalimia vizuri. Kasema nifanye nipendavyo, ila yeye asisikie. Na amekwenda kukaa kwa shangazi yake upande wa pili wa kijiji, asisikie kweli.

Nikafunga mlango. Nikachomeka waya. Kompyuta imewaka, imezima, imewaka. Ina joto kama jiko. Nikafuata mpangilio uleule wa Msemaji mwenyewe, tangu juu. "Leta, mwanangu." Imeingia kwenye simu. "Bismillahi." Imeingia. Yakafuata makumi, yale ya katikati yanayopanda: kumi, ishirini, thelathini. Arobaini na jogoo wake. Nikacheka peke yangu. Hamsini. Sitini. Mpaka tisini. Kisha "na." Neno dogo hilo, linatumika kuliko yote. Nikalichukua mara kadhaa kwa uoga.

Nilipoanza tarakimu ndogo, moja hadi tisa, kioo kikawa cheusi. Harufu ya waya ulioungua. Nilikipepea kwa ungo, nikakingoja kipoe, nikapuliza, nikaomba, nikatukana kwa Kibena cha kwetu Njombe. Hakikuwaka tena.

Ndio mwisho. Tarakimu ndogo zimekwenda. Nusu, robo, kasorobo, zimekwenda. Makumi ya mwisho, yale ya kutua, yamekwenda. Kila alichokisema kama mtu aliyemaliza kimepotea. Nimebaki na Bi Riziki anayeanza tu. Thelathini na. Hamsini na.

Nimelia hadi kichwa kinauma.

Jumatano, 11 Septemba

Hakuna la kuandika. Nimekula wali mkavu. Nimeisikiliza simu. "Ishirini na." Nikazima.

Alhamisi, 12 Septemba

Kijana wa mfumo amefika na masanduku. Anaitwa Gervas. Mwenyeji wa Tabora, mwenye adabu, shikamoo mama kila akipita. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaniharibia. Alipoiona kompyuta yangu akaiinua kwa mikono miwili na kuiweka chini taratibu. Akauliza kama ni kweli iliwahi kusema.

Mizani mpya inang'aa. Kioo kipana. Namba kubwa, safari hii za kijani. Gunia la kwanza ni la Bi Mize, mwenyekiti wa sasa, mwanamke mfupi mwenye mdomo usiolala. Akaliweka, akasimama, akangoja. Kimya. Gervas akasoma kwa sauti: thelathini na moja nukta mbili tano. Bi Mize akamuuliza kwa upole yeye ni mtoto wa nani.

Gervas hakuelewa. Mimi nilielewa. Hapa hasomi uzito mtu ambaye hawamjui mama yake.

Akajitahidi. Mfumo una sauti ya mashine ndani, akaiwasha. Ikasema ile nukta kwa ukavu, kama karani aliyenyimwa likizo. Wanawake wakatazamana. Hawakupiga kelele. Mmoja akashusha gunia lake, akalikalia. Mwingine akalikalia lake. Mwisho wote wamekalia magunia nje ya ghala, wanasukana nywele, na mizani mpya imebaki tupu.

Bi Mize akanijia. "Mwalimu, sisi hatugombi na mtu. Lakini mizani bubu hatuipandishii kitu."

Kampuni imempa Gervas wiki moja. Mwani usipopimwa hapa utapimwa ng'ambo, Utende, kwa mikono ya wengine, kama zamani zile kabla ya ushirika. Wote wanajua maana yake. Hakuna aliyeinuka.

Zaina alikuwa kwenye kiti chake mbele ya mizani, mikono mapajani, hana la kutangaza. Nilimwambia ukweli wote hapohapo: nimeokoa nusu, nusu imeungua, hakuna ninachoweza kufanya. Alinisikiliza.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimechelewa kuandika. Niandike tu.

Adhuhuri nilikuwa nimejilaza. Nyundo zikakoma moja baada ya nyingine, wanaume wakaelekea msikitini. Nikasikia kitu kinaburutwa nje. Nikafungua mlango. Zaina, na godoro kichwani, na kanga begani.

Kasema: "Leo Ijumaa. Hakuna anayegonga."

Basi. Akasimamisha godoro ukutani, palepale mama yake alipolisimamisha. Kumbe alikuwa anakumbuka. Alikuwa mdogo wakati ule, tulimtoa nje asikohoe, naye alikuwa amekaa chini ya dirisha akisikiliza kila Ijumaa.

Nikampa visikizio ili afuate kimo cha sauti. Maneno yake yatakuja baada ya maneno ya mama yake, lazima yaungane. Nikaiwasha simu: "Thelathini na." Zaina akafumba macho. Hakusema. Nikairudia. "Thelathini na." Machozi yalikuwa yanashuka hadi shingoni naye hayafuti. Nikasema tuache. Akanyoosha kidole, niendelee.

"Thelathini na," akasema mama yake.

"Nne," akasema Zaina.

Imetua. Kama ilivyotakiwa kutua.

Tulikwenda haraka, nafasi ni ileile fupi. Moja hadi tisa. Kila moja mara mbili. Nusu. Robo. Kasorobo. Kisha makumi ya kumalizia. Sauti yake si ya mama yake, ni nyembamba na ina mkwaruzo kidogo. Lakini mahali pa kupumulia ni palepale. Kwenye "saba" nikashtuka, nikageuka nyuma kutazama.

Nyundo ya kwanza ikarudi tulipokuwa kwenye neno la mwisho. Ko. Tukalirudia kwa kunong'ona karibu na kinasa sauti, tukacheka kama wezi.

Sikumuuliza kwa nini amebadili mawazo. Akaniambia mwenyewe akikunja kanga. Jana, mizani ilipokaa kimya, ndipo alipomkosa mama yake. Siku ya mazishi ilikuwa na watu wengi mno, hakupata nafasi.

Jumamosi, 14 Septemba

Naunda Msemaji upya. Gervas ameniazima kompyuta yake na zana mpya ya kuchora programu. Sanduku la vijenzi liko upande wa kushoto badala ya kulia, na kila kitu kina jina jipya la kujidai, lakini ni kilekile. Unakokota, unaweka, unaunganisha. Kina sifa, kina kazi, kina matukio. Nimejisikia binti tena kwa muda.

Gervas anauliza maswali mazuri. Kwa nini kila neno mara mbili? Nikamsikilizisha. Akatikisa kichwa polepole. Akasema mashine yao haina hilo.

Macho yangu yananiangusha. Namwambia asome, mimi naandika.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeaibika mbele ya kisiwa kizima.

Tulianza vizuri. "Leta, mwanangu." Nje pakawa kimya, halafu vigelegele. Bismillahi. Gunia la kwanza, "Ishirini na," mama, "nane," binti. Wanawake wakageuka kumtazama Zaina, yeye akatazama miguu yake. Mwingine. Mwingine. "Arobaini na," jogoo, "moja na nusu." Kicheko. Nikaanza kujivuna, na hapo ndipo mtu anapoanguka.

Gunia la Bi Mize, si lile la Alhamisi. "Thelathini na mbili kasorobo."

Bi Mize hakuondoka mizanini. Akalipapasa gunia lake kama mgonjwa. Akasema: "Mwalimu, mizani yako leo ina njaa. Imenila kilo nzima."

Nikatazama kioo. Thelathini na mbili na robo tatu. Msemaji alitakiwa kusema thelathini na tatu kasorobo. Hapa hawasemi robo tatu, wanasogea mbele hadi namba inayofuata kisha wanapunguza robo, kama saa. Mimi nilibandika kasorobo nyuma ya namba iliyopo. Msemaji wa zamani alilijua hilo, Bi Riziki alinifundisha siku ya kwanza, nikaliandika ndani yake, nikamfunga, nikasahau kwamba nimewahi kujifunza. Ndio ubaya wa kijenzi kizuri. Kinakukumbukia mpaka unakuwa mjinga.

Uso uliniwaka. Watu wamekaa siku nyingi juani wakidai mizani wanayoiamini, na mimi nimewaletea mizani mwizi. Nikaomba radhi kwa sauti. Nikakaa chini, nikasahihisha hapohapo, wote wamenisimamia shingoni. Ikifika robo tatu, ongeza moja, kisha useme kasorobo. Mistari michache tu. Gervas akanisogezea maji.

Gunia likarudishwa. "Thelathini na," akasema Bi Riziki. "Tatu kasorobo," akasema Zaina kwenye mashine. Na Zaina aliye hai, kwenye kiti, akacheka. Cheko la tumboni. Akasema mama yake angenichapa.

Magunia yote yaliyopita tumeyapima upya. Hakuna aliyenung'unika. Bi Mize kaongeza tu kwamba gunia lililotua juu ya arobaini kamili halina jogoo, maana arobaini ya kumalizia ni ya Zaina, na kwamba yeye anadai jogoo wake. Basi lilipopita gunia la namna hiyo akawika mwenyewe.

Jumanne, 17 Septemba

Nimelala mchana kutwa. Gervas kaondoka na boti ya asubuhi. Ameomba ampeleke Msemaji kwenye maghala mengine ya pwani. Nikamwambia amuulize mwenye sauti. Akamuuliza Zaina. Zaina kasema kijenzi chenu ampelekee kila atakaye, ila huko watafute mama zao wenyewe waseme.

Ni sahihi. Kijenzi kisafiri, sauti ibaki.

Kompyuta ya zamani nimeifunga kwenye kanga. Nitakwenda nayo Njombe mwisho wa mwaka. Kaka ataniuliza ya nini. Sijui nitamjibu nini.

Ijumaa, 20 Septemba

Upepo mdogo. Nimekunywa chai mbili.

Leo si siku ya kupima. Zaina kaja ghalani baada ya nyundo kukoma, kaniomba nikae kwenye kiti chake. Nikauliza kwa nini. Anayepima hapimi chake, akasema.

Nikakaa. Akatoka nje. Akarudi na gunia. Dogo, limeshonwa kwa kamba ya nailoni. Mwani wa kuokota, uliotupwa na maji ufukweni, si wa shamba, si wa mtu. Ameuokota tangu wiki iliyopita, ameuanika juu ya paa la jiko lake.

Nikawasha. Akasimama mbele ya mizani tupu, gunia kichwani, kama wanavyosimama wengine. Hakuliweka. Alingoja.

"Leta, mwanangu."

Bado hakuliweka. Mizani ikakaa tupu, ikatulia tena, na sauti ikasema tena.

"Leta, mwanangu."

Akaliweka. Bismillahi. "Kumi na," akasema mama yake, na yeye akamalizia, "moja na robo."

Nikaandika uzito kwenye safu yake, jina lake mbele. Nikainuka, akarudi kwenye kiti chake, tukakaa hapo mpaka wanaume walipotoka msikitini na nyundo zikaanza.